Maji, Mafuta na Jeli: Historia Fupi ya Kulaza Nywele Mjini Lubumbashi

Historia ya Lubumbashi aghalabu huandikwa kwa kufuata nyayo za shaba: kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906, kuanzishwa kwa mji wa Elisabethville mwaka 1910, kuja kwa reli, kambi za wafanyakazi, na hatimaye Gécamines. Nywele hazina nafasi katika masimulizi hayo. Hata hivyo, msusi wa Kenya, Katuba au Kamalondo hukabiliwa kila siku na swali lenye historia ndefu kuliko mji wenyewe: nywele zipakwe nini, na kwa kiasi gani, hata zikae zilivyopangwa na bado zibaki laini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu unaolaumiwa kwa jeli hutokana na kusahauliwa kwa kanuni ambayo wasusi wa Katanga waliifahamu tangu zamani, yaani, umbo la nywele hushikwa na mikono ya msusi, na kipakwacho ni msaidizi tu.

Tuanze na Waluba. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipita katika nchi ambayo wafanyabiashara wa pwani waliiita Urua, na kitabu chake cha mwaka 1877 kinaeleza mitindo ya nywele aliyoiona huko. Mmojawapo wa mitindo mashuhuri ya Waluba wa Shankadi ulipangwa kwa matabaka yanayoshuka kama maporomoko ya maji, nywele zikiwa zimetandazwa juu ya kiunzi cha vijiti vyembamba. Mafuta yalizilainisha, na unga mwekundu wa mti wa nkula ukazipa rangi. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, nayo ilitarajiwa kudumu kwa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo, mwenye nywele alilaza shingo yake juu ya msamo, mto wa mti uliochongwa, ili kichwa kisiguse mkeka. Misamo hiyo, ambayo baadhi yake imehifadhiwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, inatufundisha jambo moja: mtindo ulilindwa kwa kiunzi, kwa mafuta na kwa namna ya kulala. Haukugandishwa.

Mji wa kikoloni ulileta vipimo vingine vya unadhifu. Karani na fundi walitazamiwa kuwa na nywele fupi zilizochanwa vizuri, na wengi walinyoa mstari upande mmoja wa kichwa kuiga mgawo wa nywele za Kizungu. Picha za Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, zinauonyesha mgawo huo waziwazi. Hapa pia umbo lilitokana na wembe na kitana.

Baada ya uhuru, nywele zikawa jambo la dola. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikapewa jina la Shaba, siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu iliwakataza wanawake kuvaa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kitenge kikahimizwa, na ususi wa Kiafrika ukapata heshima rasmi. Yamkini amri hiyo iliwapa wasusi kazi. Lakini kichwa cha mwanamke kilikuwa kimeamuliwa na mwingine kwa mara nyingine tena.

Jeli ya kisasa ina asili tofauti kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanakemia wa Kijerumani Walter Reppe alitengeneza polivinilipirolidoni, ambayo wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitumiwa badala ya utegili wa damu kwa majeruhi. Vita vilipokwisha, dutu hiyo ilipata soko jipya katika vipodozi vya nywele. Inapoyeyushwa katika maji, huenea juu ya unywele. Maji yakikauka, hubaki utando mwembamba unaounganisha unywele na mwenziwe. Utando huo ndio unaoshika mtindo, na ndio huo huo unaotoa mlio mkavu ukiwa mnene mno.

Kiswahili kina msemo kuwa maji yamezidi unga. Katika nywele zilizokakamaa, unga ndio uliozidi maji, na kila apikaye bukari anajua matokeo yake. Kwa hiyo jeli hupakwa juu ya nywele zilizolowa, kidogo kidogo, ikianza kusambazwa viganjani. Iwapo itatumiwa pamoja na krimu, hufaa kuzichanganya kwanza kiganjani: zikifanya chembe nyeupe, hazipatani, na zitaacha ukoga kichwani. Nywele zisishikwe-shikwe hadi zikauke kabisa. Hapo ndipo hupakwa matone machache ya mafuta mikononi na kuzibinya polepole, utando ukavunjika na umbo likabaki. Katika kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa huwa kavu na vumbi jingi. Jeli yenye alkoholi hukauka upesi na kuzidisha tatizo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Mishahara ilipokatika, wake na mabinti wa wafanyakazi walibeba nyumba kwa biashara ndogo ndogo, ususi ukiwa mmojawapo. Kwa msusi wa uani, kopo la jeli ni mtaji, na mteja aliyeondoka na kichwa kigumu kama ganda harudi. Tena kuna madhara ya mwili. Nywele za ukingo wa paji la uso zikivutwa kwa nguvu na kugandishwa mara kwa mara, mizizi huchoka na upara hutokea, na ukikawia hauponi. Mwanamke hulipa mara mbili: kwa fedha na kwa nywele zake.

Kwa kuhitimisha, jeli inayoingia leo kupitia Kasumbalesa ni ngeni, ila kazi inayotakiwa kufanya si ngeni. Msusi wa Shankadi hakuwa na polivinilipirolidoni. Alikuwa na kiunzi, mafuta, subira na msamo. Msusi wa Katuba anayelowesha nywele kwanza, akapaka kidogo na kungoja zikauke, anaiendeleza elimu hiyo, hata kama hakuna aliyemwambia kuwa ni historia.