Lugha na Mlango wa Chuo Kikuu: Habari za Kasese na Bwera

Ndugu zetu Waislamu wa Kasese na Bwera, katika kuadhimisha umoja wetu haifai tuzitaje nyumba tulizojenga tu, tukausahau mlango ambao wazee wetu wengi waliuona kwa mbali wasiweze kuuingia. Mlango huo ni wa chuo kikuu, na komeo lake lilikuwa lugha.

Makerere ilianzishwa Kampala mwaka 1922, nayo ilikuwa skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu. Mwaka 1949 ilipandishwa daraja ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na digrii zake zikawa za huko. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mtihani wa Cambridge uliomtangulia kijana huko ulikuwa wa Kiingereza vilevile. Mtahiniwa aliyeanguka katika Kiingereza alikosa cheti, ijapokuwa alikuwa hodari wa hesabu na jiografia.

Sasa na tumtazame mtoto wa Bwera wa zama hizo. Nyumbani alisema Kikonzo. Skulini alikuta Kitoro, kwa kuwa nchi yake ilikuwa chini ya ufalme wa Toro. Sokoni, karibu na mpaka wa Kongo pale Mpondwe, alisikia Kiswahili. Na Kasese, baada ya reli kufika mwaka 1956 na machimbo ya shaba ya Kilembe kukusanya wafanyakazi wa pande nyingi, lugha hiyo ilisikika pia. Akiwa Mwislamu, alijifunza juu ya hayo herufi za Kiarabu kwa mwalimu wake wa Qur'ani. Basi mtoto huyo alikuwa na lugha nne, walakini aliyoulizwa mlangoni ilikuwa ya tano.

Na hiyo ya tano ilikuwa mbali naye. Skuli zilizofundisha Kiingereza vizuri zilikuwa nyingi mikononi mwa misheni, na wazazi wa Kiislamu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini aliyeikimbia skuli ya misheni alikikimbia na Kiingereza pamoja nayo. Mtu aliyeweza kusoma Kiarabu, na kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi hizohizo, alifika mbele ya mlango wa chuo akawa kama asiyejua kusoma.

Kulikuwa na wakati ambapo mambo yangaliweza kugeuka. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alitoa shauri kwamba Kiswahili kienezwe katika elimu ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alilipinga kwa maandishi mwaka 1929, na wakuu wa misheni nao hawakulipenda. Miongoni mwa sababu zao ni kwamba lugha hii ilidhaniwa kuwa ya Waislamu. Walakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Waganda waliogopa lugha yao isimezwe, na hofu iyo hiyo Wakonzo waliijua vyema juu ya Kitoro. Vuguvugu la Rwenzururu lililoongozwa na Isaya Mukirane mwaka 1962 lilikuwa na malalamiko mengi, na la lugha ya skulini lilikuwa mojawapo.

Tangu hapo komeo limelegea kidogo kidogo. Mwaka 1963 Serikali ya Uganda huru iliziweka skuli za misheni chini ya uongozi wake. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale. Tangu mwaka 2007 mtaala umetaka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya kwao. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika skuli za msingi na sekondari. Kiarabu na Kiswahili hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Taifa hata katika cheti cha juu cha sekondari. Na kijana mwenye alama kuu mbili katika cheti hicho huweza kuomba nafasi ya chuo kikuu.

Maana yake ni kwamba lugha zilizokuwa hazihesabiwi mbele ya babu zetu, leo huweza kumwingiza mjukuu. Ila mtihani hautosheki na sauti nzuri ya kusoma; hutaka sarufi, insha na tafsiri. Madrasa inayofundisha matamshi peke yake humfikisha mtoto kizingitini ikamwacha hapo. Waalimu na wafundishe lugha kwa ukamilifu, na wazazi wasimchagulishe mtoto baina ya madrasa na skuli, kwani Kiingereza bado ndicho lugha ya masomo mengi ya juu.

Wazee wetu hawakukosa akili, bali walikosa ufunguo. Sisi tunao, tusiwaache watoto wetu nje.

Wabillahi tawfiq.