Deni la Gee's Bend

Wazee wetu wa mwambao, walipokuwa wakipima jora la merikani kwa dhiraa, ni wachache waliojishughulisha kuuliza pamba ile ilichumwa na mikono ya nani; walilolijua ni kwamba kitambaa hicho huletwa Unguja na marikebu za Salem, na kwamba kiliadimika sokoni Wamarekani walipopigana wao kwa wao kuanzia mwaka 1861. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambako hakuna pamba iotayo. Pamba ilitoka kusini, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Miongoni mwa mashamba hayo ya kusini nimelichagua moja, Gee's Bend la Alabama, kwa kuwa habari zake tangu awali ni habari za deni, na deni ni jambo ambalo msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa.

Mto Alabama, ufikapo katika wilaya ya Wilcox, hujipinda ukaizunguka ardhi pande tatu, hata mtu akiwa ndani yake huwa kama aliye rasini: mbele yake maji, kuliani maji, kushotoni maji. Hapo ndipo alipoweka kambi Joseph Gee, tajiri kutoka North Carolina, mwaka 1816, Alabama ikiwa bado haijawa jimbo, akaja na watumwa wake wa kufyeka msitu na kupanda pamba, ambayo ikiisha kufungwa mitumba ilishushwa kwa mto hadi bandari ya Mobile. Alifariki mwaka 1824, na katika tereka yake, pamoja na ardhi, walihesabiwa watu 47, waliorithiwa na Sterling na Charles, watoto wa nduguye.

Warithi hawa walikuwa wakidaiwa dola 29,000 na jamaa yao, Mark H. Pettway, na mwaka 1845, ili kuliondoa deni hilo, wakamkabidhi shamba zima na watu waliokuwamo. Mwaka uliofuata Pettway akahama North Carolina na jamaa yake kwa magari ya kukokotwa, na watumwa wake wapatao 100 wakafuata nyuma kwa miguu, mamia ya maili; inasimuliwa kwamba mpishi peke yake ndiye aliyepewa nafasi ya kupanda. Sijui kama yupo mwanasheria awezaye kutueleza ni kifungu gani kimfanyacho mtu kuwa malipo ya deni asilolikopa, lakini makaratasi yalitiwa saini na mambo yakapita.

Uhuru ulipokuja mwaka 1865, wengi wa walioachwa walibaki palepale na jina la Pettway, kama vile huku kwetu mtumwa aliyepewa uungwana alivyoweza kunasibishwa na ukoo wa bwana wake. Jina walilichukua, ardhi hawakupewa. Wakalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mbegu, mbolea na chakula cha miezi ya njaa wakavikopa kwa mfanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto, ambaye daftari lilikuwa mikononi mwake na kalamu pia. Shamba lenyewe likauzwa kwa mtu wa Tuscaloosa, asiyekaa hapo. Kwa mkulima mabadiliko hayo hayakuwa na maana kubwa.

Ilipofika miaka ya 1930 bei ya pamba ilikuwa imeporomoka, na yule mfanyabiashara akafariki. Mwaka 1932 warithi wake wakadai kulipwa mara moja. Watu wakaja na magari yao wakachukua nyumbu wa kulimia, ng'ombe, nguruwe, kuku, majembe, mahindi yaliyokuwa ghalani na viazi vilivyofukiwa kwa akiba ya baridi. Familia zaidi ya 60 zikaachiwa kuta. Majira yale ya baridi waliponea chakula cha Msalaba Mwekundu, na walichokiokota msituni na mtoni.

Mwaka 1937 alifika mpiga picha wa serikali, Arthur Rothstein. Katika picha yake mojawapo binti amesimama dirishani, na kando yake limebandikwa gazeti la kuzuia baridi, lenye tangazo la vyakula vitamu. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilinunua ekari zipatazo 10,000, ikajenga nyumba, shule na kinu cha kuchambulia pamba, na katika miaka ya 1940 ikawauzia wakulima mashamba kwa mkopo wenye riba ndogo. Likawa hili deni la kwanza katika bonde lile ambalo aliyelilipa alibaki na ardhi.

Mwaka 1949 posta ya hapo ilibadilishwa jina ikaitwa Boykin, kwa heshima ya mbunge mmoja. Wenyeji wangali wakipaita Gee's Bend, na wengi wao huitwa Pettway.