Pensheni Tanzania: Kikokotoo kinavyofanya kazi, na asiye na mshahara afanyeje

Ukifika Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, linapokuja suala la uzeeni utakuta makundi mawili. Kuna mwalimu, nesi na mtumishi wa ofisi ambao kila mwezi mshahara unakatwa kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Na kuna mkulima wa tumbaku, mrina asali na dereva wa bodaboda ambao hakuna anayewakata chochote.

Kelele nyingi za kikokotoo zinahusu kundi la kwanza. La pili mara nyingi linasahaulika. Haya ndiyo mambo ya msingi kwa makundi yote mawili.

Mifuko iko mingapi?

Mikubwa ni miwili. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, ambao unahudumia watumishi wa umma. NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri.

Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara. PSSSF, mtumishi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15. NSSF, mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, inayobaki ni ya mwajiri.

Nani anapata pensheni?

Unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55, na kwa lazima ukifika 60. Lakini umri peke yake hautoshi. Lazima uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Ukipungukiwa, unalipwa fedha za mara moja basi, hakuna pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha.

Hesabu inapigwaje?

Kanuni zilizoanza Julai 2022 zinaangalia mambo mawili: idadi ya miezi uliyochangia, na wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyokuwa mizuri zaidi ndani ya 10 ya mwisho.

Unachukua miezi, unagawa kwa 580, unazidisha kwa wastani huo. Jibu ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Hapo inagawanywa: sehemu moja inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, iliyobaki unapewa kidogo kidogo kila mwezi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye wastani wa Sh1,000,000 kwa mwezi, aliyechangia miaka 30:

- Kwa mkupuo wa asilimia 33: anapata kama Sh milioni 30.7, na Sh416,000 kila mwezi.
- Kwa mkupuo wa asilimia 40: kama Sh milioni 37.2, na Sh372,000 kila mwezi.
- Kwa kanuni ya zamani ya PSPF (asilimia 50, kigawanyo 540, kizidisho 15.5): Sh milioni 62, na kama Sh333,000 kila mwezi.

Kwa nini watu walikasirika?

Angalia mfano huo tena. Kutoka kanuni ya zamani kwenda asilimia 33, mwalimu anapoteza zaidi ya milioni 31 za mkupuo na kuongezewa kama Sh82,500 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo izibe pengo lote, itabidi aishi zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu. Aliyepanga kumalizia nyumba kwa kiinua mgongo anajikuta njia panda.

Hoja ya serikali ilikuwa uhai wa mifuko: wastaafu wa kesho nao wakute hela. Ndiyo maana mvutano umekuwa mrefu. Kanuni za 2018 zilizoshusha mkupuo hadi asilimia 25 zilisitishwa na Rais John Magufuli Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ikatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa kwenye asilimia 25.

Na asiye na mshahara?

Hapa utafiti wa wachumi unasaidia. Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi 2017, na mwenzake Shlomo Benartzi waliona kwamba watu wanataka kuweka akiba ila kila siku wanasema "kesho". Wakawaomba wafanyakazi wa kampuni moja Marekani wakubali mapema kwamba mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba. Ndani ya miezi 40, akiba ya waliojiunga ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6.

Kwa mkulima, mshahara ni msimu. Malawi, ambako tumbaku ni zao kubwa kama Tabora, wachumi Lasse Brune, Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang waliwapa baadhi ya wakulima nafasi ya kuingiziwa malipo ya tumbaku moja kwa moja kwenye akaunti zao binafsi za benki. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionesha wakulima hao walitumia pembejeo nyingi zaidi msimu uliofuata, na mauzo yakaongezeka. Haikuwa pensheni, lakini funzo ni lilelile: hela itengwe kabla haijafika mkononi.

Kenya walijaribu njia nyingine. Mpango wa Mbao, ulioanza 2011, uliwaruhusu watu wa jua kali kuchangia Sh20 za Kenya kwa siku kupitia simu. Zanzibar nayo, tangu Aprili 2016, inawalipa wazee wa miaka 70 na kuendelea Pencheni Jamii bila kujali kama waliwahi kuajiriwa.

Ufanye nini sasa?

- Kama umeajiriwa: omba taarifa ya michango yako kila mwaka. Mwezi ambao mwajiri hakupeleka ni mwezi unaoweza kukukwamisha kufikisha 180.
- Kama umejiajiri: NSSF inapokea wanachama wa hiari. Uliza kiwango cha chini cha sasa, na kama unaweza kuchangia kwa msimu.
- Kama unauza kupitia AMCOS: amua kiasi cha akiba kabla ya masoko kufunguliwa, siyo siku ya malipo.
- VICOBA na kibubu vinafaa kwa ada na dharura. Lakini kwenye vikundi vingi hela hugawanwa kila mwisho wa mzunguko, kwa hiyo ya uzeeni iweke sehemu nyingine.
- Ukianza na miaka 45, miezi 180 inatimia ukiwa na 60, kama hukuruka hata mwezi mmoja.