Asili na Upya katika Ngoma za Bagamoyo

Neno ngoma lina maana tatu: ni chombo kipigwacho, ni mchezo uchezwao, tena ni mkutano wa watu waliokuja kupiga, kucheza na kutazama. Kwa sababu hiyo historia ya ngoma ni zaidi ya historia ya miguu na mikono. Ni historia ya watu na ya haja iliyowakusanya. Pwani ya Mrima, na hasa mji wa Bagamoyo, ina ushahidi mwingi juu ya jambo hili.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi wa Unyamwezi waliingia kwa maelfu, wakapumzika wakingojea safari ya kurudi, wakachanganyika na Washomvi, Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Mji wenye wageni wengi hivyo haukuweza kuwa na ngoma moja, wala ngoma isiyobadilika.

Mfano mkubwa wa mabadiliko ya pwani ni beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne hiyo, ikafika Tanga na Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya 1914. Watu walisikia matarumbeta ya Wazungu, wakaona gwaride na vyeo vya majeshi yao, wakavitwaa na kuvitia katika mashindano ya mitaa yaliyokuwako tangu zamani. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme na majemadari wao, na kila kimoja kilitumia mali nyingi ili kumshinda mwenziwe kwa mavazi, karamu na nyimbo. Vita vilipokuja, askari waliichukua beni mpaka bara, na baada ya vita serikali ya Kiingereza iliitazama kwa shaka. Mganda, unaochezwa kando ya Ziwa Nyasa, ni mzao wake. Leo mganda huhesabiwa katika ngoma za asili. Lakini walioucheza kwanza walikuwa vijana wenye jambo jipya, na yamkini wazee wao hawakukosa la kusema.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge akatangaza wizara mpya ya utamaduni. Alisikitika kuwa wengi waliofundishwa kucheza rumba na twist hawakupata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala au lelemama. Masikitiko yake yalikuwa ya haki, maana mtu aliyefundishwa kudharau cha kwao amenyang'anywa kitu. Hata hivyo, lelemama yenyewe ilikuwa ngoma ya wanawake wa mjini, yenye vyama na mashindano. Miaka saba kabla ya hotuba ile, yaani 1955, Bi Titi Mohamed alipita katika vyama vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam akiwaingiza wenziwe katika TANU. Ngoma ilifaa kazi hiyo kwa kuwa ilikuwa hai.

Baada ya hotuba kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma zikaletwa jukwaani mbele ya watu wa makabila yote. Faida yake ilikuwa kubwa: Msukuma na Mmakonde walijifunza kustahiana. Lakini kulikuwa na gharama. Bugobogobo ilikuwa ikiongoza majembe shambani. Jukwaani jembe lilibaki, shamba likatoweka. Ngoma ya kutwa nzima ilifupishwa ikawa ya dakika chache, na namna ile fupi ikaanza kuitwa ndiyo asili.

Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, na mwaka 1982 likaanza tamasha lake la sanaa. Mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Miongoni mwa mafundi waliokaa Bagamoyo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyebobea katika ilimba na zeze. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa santuri iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Aliyetazamwa na wengi kuwa hazina ya kale hakuona aibu kujaribu lililo jipya.

Wakati huo huo vijana wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakitafuta njia yao. Nairobi, mwaka 1997, Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen waliunda kundi la Gàara, na baadaye Dar es Salaam ikapata tamasha la ngoma za kisasa liitwalo Visa 2 Dance. Matamasha ya namna hii humpa msanii chipukizi jukwaa, na lililo bora zaidi, humpa muda wa kujaribu, kukosea na kurekebisha kazi kabla haijakamilika.

Wapo wasemao kuwa ngoma hizi ni za kigeni. Historia ya beni inawajibu. Swali lililo gumu zaidi ni la mali. Beni ilisimama kwa michango ya wanachama wake, na aliyechanga ndiye aliyehukumu mshindi. Tamasha la leo aghalabu husimama kwa fedha za wafadhili wa mbali, na mlipaji asiyejua wimbo aweza kuuchagua. Ngoma ikipoteza watazamaji wake wa mtaani, hasara yake ni ile ile iliyoipata bugobogobo ilipoachana na shamba.

Kazi ya Bagamoyo, basi, ni mbili: kumfundisha kijana yaliyochezwa kabla yake, na kumwachia uwanja wa kucheza lisilopata kuchezwa. Anayepewa la kwanza tu huwa mlinzi wa kaburi. Anayepewa la pili tu huwa mgeni kwao. Walioanzisha beni walikuwa na yote mawili, wala hawakuomba ruhusa.