Kagame Cup: Kenya bado inaongoza kwa mataji, lakini la mwisho lilikuja 2008

Kama uko Form Four sa hii, hujawahi kushuhudia klabu ya Kenya ikibeba Kagame Cup. Tusker walikuwa wa mwisho kuileta nyumbani, mwaka wa 2008, na wewe pengine ulikuwa bado unanyonya ama hata hujazaliwa. Lakini hapa ndio stori inakuwa noma: ukihesabu mataji yote tangu mashindano yaanze, Kenya bado ndio namba moja. Tuko na 15. Tanzania wako na 14, na wanatupumulia kwa shingo.

So kabla jamaa wa Dar aanze kukuchoma kwa WhatsApp, hebu ujue hii kitu ni nini, ilitoka wapi, na vile tulifika mahali tunaishi na kumbukumbu za wazee.

Hii ni kombe ya nani?

Jina lake rasmi ni Kombe la Klabu la CECAFA. CECAFA ndio shirika la mpira la Afrika Mashariki na Kati, na sa hii liko na wanachama 12: Kenya, Uganda, Tanzania Bara, Zanzibar, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Djibouti, Somalia, Sudan na Sudan Kusini. Ndio, Zanzibar wanahesabiwa kivyao. Usichanganye hii na ile ya timu za taifa, yenye Harambee Stars hucheza. Hii ni ya klabu.

Kawaida bingwa wa ligi ya kila nchi ndiye anaitwa, na mwenyeji anaongezewa nafasi ya timu moja ama mbili. Wakiona timu hazitoshi wanaalika wageni kutoka nje. TP Mazembe wa Kongo walikuja 2019, wakafika fainali kule Rwanda na wakachapwa 1-0 na KCCA ya Uganda. Timu zinagawanywa kwa makundi, zinacheza karibu kila baada ya siku mbili, halafu mtoano. Wiki mbili hivi kila kitu kimeisha. Hakuna nyumbani na ugenini, kila mtu anakutana mji mmoja, na hilo jambo la mji mmoja lishike vizuri ju tutalirudia.

Jina la Kagame lilikuja 2002, Rais Paul Kagame wa Rwanda alipoanza kutoa doo ya zawadi. Ni dola 60,000: bingwa 30,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000. Kabla ya hapo wasee walikuwa wanaiita tu Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, na ukiongea na babu yako mpenda mpira, bado ndio jina atakupatia.

Enzi ile tulikuwa tunatesa

Makala ya kwanza yalichezwa 1974, Dar es Salaam, na Simba wakachukua. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Yanga, waliowafunga hao hao Simba 2-0 fainali ikiwa Zanzibar. Ungedhani kombe ni ya Watanzania milele.

Halafu Luo Union wakaingia. Kama hilo jina ni geni kwako, si wewe pekee yako. Hii ilikuwa timu moto ya Kenya ya miaka ya 70, na ilichukua kombe mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. KCC ya Kampala wakapenya 1978. Baada ya hapo, manze, ilikuwa kama tumenunua hati ya shamba: kuanzia 1979 hadi 1985, miaka saba bila kukatika, kombe ililala Kenya. Abaluhya 1979. Gor Mahia 1980 na 1981. AFC Leopards 1982, 1983 na 1984. Gor tena 1985.

Hapa kuna kitu huwa kinachanganya watu. Abaluhya na AFC Leopards ni timu moja. Serikali ilitoa amri klabu ziache majina ya kabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards, na Luo Union wakawa Re-Union. K'Ogalo wao walizunguka zunguka na bado wako na jina lao. Kwa hivyo ukiona mtu anakuandikia kwamba Ingwe wana mataji manne, hajahesabu la 1979. Ni matano, ukiweka na la 1997.

Fikiria pia hii: fainali za 1980, 1984 na 1985 zote zilikuwa Mashemeji derby. Ile mechi unaona leo Nyayo, isikuti upande mmoja na jezi za kijani upande ule mwingine, ilikuwa inaamua bingwa wa ukanda mzima. Ya 1985 ilichezwa Khartoum, Sudan, na Gor wakashinda 2-0. Timu mbili za Nairobi zimesafiri hadi jangwani kwenda kumalizana.

Na haikuwa bahati ya kuokota. Gor hao hao, miaka miwili baadaye, walichukua Kombe la Washindi Afrika 1987 kwa kuwatoa Espérance ya Tunisia, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, wakapita kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya ukanda huu wa CECAFA ya kusini mwa Sudan imewahi kushinda kombe la CAF, hadi wa leo. Kwa hivyo ukiskia mzee amekalia kiti cha plastiki akisema mpira wa siku hizo ulikuwa mpira, usimcheke sana.

Kazi ikabaki ya Wanamvinyo

El Merreikh wa Sudan walivunja huo msururu 1986, Villa ya Uganda wakafuata 1987. Kutoka hapo Kenya ilibebwa na timu moja tu kwa kiasi kikubwa. Kenya Breweries walishinda 1988 na 1989. Baadaye wakabadilisha jina wakawa Tusker, wakaongeza 2000, 2001 na 2008. Matano hayo. Ni sawa na Ingwe, ni mawili zaidi ya Gor, lakini ukiwauliza mafans mtaani ni nani mfalme wa Kenya kwa hii kombe, wachache watakutajia Tusker. Timu ya kampuni haina kelele, ndio maana.

Miaka ya 90 Simba ndio walikuwa wababe: 1991, 1992, 1995, 1996. Ongeza 1974 na 2002, unapata sita, na hiyo ndio rekodi ya klabu moja. Hakuna timu nyingine imefikisha hapo. Yanga wako na matano: 1975, 1993, 1999, 2011 na 2012. Hiyo ya 2011 bado inauma Msimbazi, ju fainali ilikuwa Yanga na Simba ndani ya Dar, ikaenda muda wa nyongeza na Kenneth Asamoah akaweka moja.

Rwanda nao waliingia kwa sherehe polepole. Rayon Sports 1998, APR 2004, 2007 na 2010, ATRACO 2009. Uganda wako na saba wakihesabu zote, pamoja na Polisi ya 2006 na Express ya 2021. Sudan tatu, zote za Merreikh. Burundi moja, Vital'O 2013.

Tulienda wapi?

Baada ya 2008 kumechezwa makala 12. Kenya imefika fainali mara moja. Moja tu, msee.

Hiyo moja ilikuwa 2015, na ilikuwa karibu. Gor walikuwa na kikosi ambacho mwaka huo kilimaliza ligi ya Kenya bila kupoteza hata mechi moja, Michael Olunga akiwa bado dogo wa K'Ogalo. Wakafika fainali Dar, wakakutana na Azam mbele ya watu wao. John Bocco akafunga, Kipre Tchetche akaongeza, 2-0, kwaheri. Kama kuna mwaka tulifaa kurudisha hii kombe, ni huo.

Sasa rudi kwa ile maneno ya mji mmoja. Tangu 2011, makala kumi yamechezwa. Saba kati yao yalikuwa Dar es Salaam. Mawili Rwanda, na moja Sudan, ile ya 2013 iliyopelekwa Darfur na Kordofan Kusini, ambapo Simba na Yanga walikataa kwenda kwa sababu ya usalama. Kenya? Sufuri. Mwenyeji anaingiza timu zaidi ya moja, analala kitanda chake, na uwanja umejaa watu wake. Mataji ya Watanzania katika hicho kipindi, Yanga mawili, Azam mawili (2015 na 2018) na Singida Black Stars 2025, yote matano yalishindwa Dar. Sisemi waliiba. Nasema nyumbani ni nyumbani.

Lakini usikimbilie hiyo kama kisingizio, ju kitu kingine kilibadilika, na ni chapaa. Mwaka wa 2021 Azam TV walisaini mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 225 za Tanzania kuonyesha ligi yao kwa miaka kumi. Upande wetu SuperSport waliondoka 2017, SportPesa wakaondoa udhamini 2019, na 2022 FIFA ikatufungia kutoka Februari hadi Novemba. Unaweza kuona tofauti kwa CAF: Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba wakacheza yao 2025. Wote walipoteza, lakini walikuwa huko. Sisi tulikuwa tunabishana ni nani anafaa kuendesha ligi.

Na bado, kuna hii. SportPesa walipokuwa na kombe lao la klabu za Kenya na Tanzania, lilichezwa mara tatu na Wakenya walishinda zote tatu. Gor 2017, Gor 2018, Kariobangi Sharks 2019. Zawadi ilikuwa kucheza na Everton, na ndio maana unakumbuka Wayne Rooney akifunga kutoka mbali pale Dar, na ndio maana Sharks waliwatoa Everton kwa penalti Kasarani. Mbili kati ya hizo tatu zilishindiwa Dar. Kwa hivyo hatujasahau kucheza. Kukiwa na doo na safari mbele, tunaamka.

Je, bado ina maana?

Swali fair. Dola 30,000 za bingwa ni karibu shilingi milioni nne za Kenya. Bingwa wa CAF Champions League 2023 alipewa dola milioni nne. Klabu kubwa zimepiga hesabu, na sa hii zinaichukulia kama mazoezi ya kabla ya msimu. 2024 Simba na Yanga hawakucheza kabisa, na kombe ikaenda na wageni, Red Arrows wa Zambia, waliowatoa APR kwa penalti kwenye fainali. Mara ingine haichezwi hata: 2016 na 2017 hakuna, 2020 corona, 2022 na 2023 hakuna.

Mimi naona ina maana zaidi kwetu kuliko kwao. Simba anaweza kuiruka ju anajua Novemba atakuwa makundi ya CAF. Timu ya Kenya mara nyingi hutolewa mapema huko, so wiki mbili za mechi ngumu dhidi ya APR, Al Hilal ama Singida ni shule ambayo hatuwezi kulipia kwingine. Mchezaji anaonekana na maskauti wa Dar na Kigali, wenye wanalipa mishahara ambayo klabu nyingi za hapa hazina.

Na viwanja sasa viko. Kasarani na Nyayo vilifanyiwa ukarabati kwa ajili ya CHAN ya Agosti 2025, ile tuliandaa na Tanzania na Uganda, na AFCON 2027 inakuja kwa nchi hizo hizo tatu. Kitu Kenya haijafanya ni kuinua mkono na kusema makala yajayo yaje Nairobi, na bingwa wetu aingie na timu nyingine ya nyumbani.

Singida walipowapiga Al Hilal 2-1 kwenye fainali ya 2025, Tanzania walifikisha 14. Wakishinda tena, tunakuwa sare, 15 kwa 15, na ule mstari wetu wa mwisho wa kujitetea umeisha. Ikichezwa tena, angalia ni nani anatuwakilisha, na kama mechi itaonyeshwa itafute hata kama ni saa tisa mchana. Mtu akikuuliza kwa base ni nani alileta hii kombe Kenya mara ya mwisho, jibu ni Tusker, 2008, wakiwafunga URA ya Uganda, na walienda kuichukua huko huko Dar.