Kanda za Video Majumbani Mwetu

Historia ya usharika haimo katika daftari za ubatizo na mihtasari ya Baraza la Wazee peke yake. Sehemu yake imelala makabatini na chini ya vitanda vya Wakristo, katika kanda za video za harusi, kipaimara na mazishi.

Kanda ya VHS ilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi mwaka 1994. Hivyo wako miongoni mwetu waliojiona wenyewe kwenye kioo, kwa msaada wa deki, kabla ya kumwona msomaji wa habari.

Kanda hizo sasa zinakufa. Utepe ni plastiki iliyopakwa chembechembe za sumaku zilizoshikwa kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu, utepe hunata, na ukungu huota. Tena mashine zenyewe zimeadimika: kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyobaki ikiunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kwamba ifikapo mwaka 2025 huenda kanda ambazo hazijahamishiwa kwenye hifadhi ya dijitali zingekuwa zimekwisha kupotea. Mwaka huo umekwisha kufika.

Kazi ya kuhamisha haina njia ya mkato. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, kwa kuwa deki hulazimika kuicheza yote huku kompyuta ikinasa. Kwanza kivunjwe kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asirekodi kitu kingine juu yake. Kanda zilizotumwa na ndugu walioko Marekani zahitaji deki isomayo mfumo wa NTSC, kwani sisi tulitumia PAL. Yenye ukungu isitiwe katika deki kamwe, maana itachafua vichwa vya kusomea na kuziambukiza nyingine, apelekewe fundi.

Mafundi wetu, kwa nia njema, hupenda kukata sehemu ndefu na kufunika sauti kwa muziki. Katika nakala ya kuhifadhi jambo hilo lisiruhusiwe. Ile hotuba ndefu ya mzee aliyekwisha kulala, aliyoitoa kwa lugha ya mababu huku vijana wakipiga miayo, ndiyo hazina yenyewe. Ukataji wa keki tunao wa kutosha. Nakala ziwe angalau mbili, zikae nyumba tofauti, kwa sababu hata diski huharibika, na kanda ya asili isitupwe.

Tuanze na zile ambamo wazee wananena. Zitazamwe pamoja na wale walio hai wawezao kuwatambua waliomo, naye karani aketi kando akiandika majina, mahali na mwaka.