Lehemu Yenye Fedha

Kampuni ya Tektronix ilianzishwa Oregon, Marekani, mwaka 1946. Ilitengeneza osiloskopu, yaani mtambo uonyeshao mwendo wa umeme kwa mstari wa nuru juu ya kioo. Ndani ya mitambo yake mingi ya zamani, nyaya zimeungwa juu ya vipande vya kauri, na kando umezongwa waya kidogo wa lehemu yenye fedha. Si pambo hilo! Kitabu cha mtambo chaeleza kwamba lehemu ya kawaida, ikitumiwa mara kwa mara, huweza kuibandua fedha iliyoshikamana na kauri. Sasa fikiri kitabu kimetupwa, naye fundi mwenye nia njema amekuja na lehemu ya dukani. Ataharibu alichokuja kutengeneza.

Mitambo ya baadaye ina programu katika vipande vya kumbukumbu ambavyo chaji yake huvuja polepole miaka ipitapo. Kwa hiyo wahifadhi huzinakili programu hizo mtambo ungali mzima.